Kiingereza cha Kuku wa Mwalimu Klara

Pale Kharumwa, mtu akitaka kutamba na Kiingereza chake hutazama kwanza huku na huku kama Mwalimu Klara hayupo karibu. Mama huyu alifundisha somo hilo shule ya msingi mpaka akastaafu, na kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu, maana ulimi wake uligoma kufuata. Kosa likipita mbele yake hawezi kuliacha, kama mkulima asivyoweza kupita penye gugu bila kuinama. Haikumjalisha ni nani aliyekosea, wala yuko wapi.

Mageni kinyozi alipoandika SALOON juu ya mlango wake kwa rangi nyekundu, mwalimu alisimama kizingitini akauliza bia moja anauzaje. Mageni akacheka kwa adabu, hakuelewa. Akaelezwa kwamba neno lile likiwa na o mbili ni nyumba ya pombe, si ya nywele. Akaipaka o moja rangi nyeupe, ila mvua ikinyesha bado inachungulia.

Na ile harusi ya mwaka juzi je? Mshereheshaji, kijana wa watu aliyevaa suti ya kuazima, alimkaribisha bibi harusi na bwana harusi kwa Kiingereza, akasema "bride and broom". Mwalimu Klara aliacha pilau lake, akapita katikati ya meza zote, akamnong'oneza kwamba amemwita bwana harusi ufagio. Kijana akamshukuru sana, akashika kipaza sauti, akarudia vilevile kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu alirudi kwenye sahani yake, lakini lile pilau halikulika tena.

Usidhani alikuwa na roho mbaya, la hasha. Ukali wake wote ulikaa mdomoni, haukushuka moyoni. Makosa aliyajua kwa koo zake, kama wazee wanavyozijua koo za ng'ombe. Alijua "me I am going" limezaliwa wapi, na "I am having three cows" ni mtoto wa nani. Alikuwa akisema mtu hakosei hivihivi; anawaza Kisukuma, anavuka na Kiswahili, akifika ng'ambo ya Kiingereza bado ana tope miguuni. Kazi ya mwalimu ni kumnawisha tu.

Kosa moja tu ndilo alilolilea mwenyewe. Wanafunzi wake wote, darasa baada ya darasa, walifundishwa kumwambia mtu anayetoka shambani "sorry for work". Mkaguzi mmoja alimweleza kwamba Waingereza hawasemi hivyo. Mwalimu Klara akamwambia ni kweli kabisa, hawasemi, akaendelea kufundisha. Mtu apite mbele yako na jembe begani, kachoka, halafu umnyamazie eti kwa sababu Kiingereza hakina pole na kazi? Hilo hakulikubali, na mkaguzi aliondoka bila kumpata.

Basi mdomo huo ndio uliokaribia kumharibia binti yake ndoa. Ritha alikuwa mtoto wake wa pekee, na baba yake alikwisha kufariki. Akaja kumposa kijana mmoja wa Tinde, Enock Ngassa, aliyehamia Kharumwa kuchimba dhahabu. Alikuja na wajomba zake, watu wazima wenye fimbo na heshima zao. Kwa Wasukuma waliolelewa kama alivyolelewa Enock, mama mkwe si mtu wa kutazamana naye. Hamli meza moja, hamtajani majina, na mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Kwa hiyo Enock alikaa ameelekea mlangoni, na Mwalimu Klara alikaa nyuma ya pazia pamoja na akina mama.

Kijana alitaka kumfurahisha mama mkwe, na makosa mengi duniani huanzia hapo. Alikuwa amefundishwa sentensi moja na rafiki yake, akaikariri njia nzima. Mazungumzo yalipokolea akajikohoza, akasema anafurahi sana "to marry with your daughter". Mjomba wake hajamaliza kutabasamu, sauti ikatoka nyuma ya pazia: hakuna "with" hapo! Mjomba akaweka kikombe chini. Mama mkwe amemkosoa mkwewe mchana kweupe, mbele ya wazee, siku ya kwanza!

Wageni walisimama kuondoka. Ilibidi Ritha alie, majirani waingilie kati, na mbuzi achinjwe ndipo mambo yakatulia. Mwalimu Klara akaapa mbele ya wajomba wale kwamba hatamkosoa tena mkwewe maadamu yu hai. Na kiapo, kwa mama huyu, kilikuwa kama kanuni ya sarufi: hakivunjwi. Ndoa ikafungwa. Enock akawa akipita kusalimia akiwa nje ya ua, anaitikiwa kutoka ndani, anaacha samaki au kilo ya sukari, anakwenda zake. Hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso.

Sasa sikiliza. Enock alikuwa akishuka kwenye duara moja nje kidogo ya Kharumwa, shimo refu lililozuiwa na matimba, yaani magogo yanayoshika kuta zisianguke. Mvua za mwaka jana zilikuwa kubwa, na magogo yalikuwa ya zamani. Shimo likaporomoka. Chini walikuwa wawili, Enock na Chacha, kijana wa Mara aliyekuwa akila naye, wakilala chumba kimoja kabla Enock hajaoa, wakigombania hata sabuni. Wenzao walifukua mpaka jua likataka kuzama. Enock alitoka akiwa na pumzi. Chacha naye alitolewa, ila pumzi hakuwa nayo.

Walimsafirisha Chacha kwao, wakarudi, na Enock akashuka duara la jirani, maana angekula nini? Ritha wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, akawa amerudi kwa mama yake kusubiri kujifungua kama ilivyo desturi. Kila asubuhi alikuwa akisimama mlangoni kuangalia upande wa machimbo. Mama yake alimwona, na yeye mwenyewe alikuwa akifika dirishani kabla ya binti yake.

Ndipo likaja tangazo. Kampuni moja ya uchimbaji ilitaka vijana wanaoyajua mashimo, iwafundishe kuwa wakaguzi wa usalama: watu wa kutazama kuta na magogo, wenye mamlaka ya kuwatoa wengine. Usaili ungefanyika Geita mjini, na ungekuwa kwa Kiingereza, kwa sababu wakufunzi walitoka mbali. Mashimo Enock aliyajua kuliko mfuko wa suruali yake. Kiingereza chake kiliishia kwenye ile sentensi iliyotaka kumkosesha mke.

Ritha akapiga magoti mbele ya mama yake. Mwalimu Klara akamwambia asimwonee. Yeye amekula kiapo, na kijana hawezi hata kumtazama. Atamfundisha kwa njia gani, kwa ndoto? Ritha akafuta machozi, akaelekeza kidole dirishani.

"Ukuta si upo, mama?"

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Jioni, akitoka kazini na kuoga, Enock alikuja akakaa kwenye kigoda chini ya dirisha, mgongo ukutani. Mwalimu Klara alikaa ndani, mgongo kwenye ukuta uleule, pazia limeshushwa. Kati yao palikuwa na tofali za kuchoma na lipu iliyopasuka. Pembeni ya Enock, ndani ya karai bovu, palikuwa na tetea mmoja mwekundu aliyekuwa akiatamia mayai na hakutaka kusumbuliwa na mtu.

Siku ya kwanza mwalimu alisema sentensi, Enock akaifuata, akakosea. Mwalimu akameza mate. Kijana akakosea tena, palepale. Ritha, aliyekuwa akichambua mchele, alimwona mama yake akikunja vidole, akiuma mdomo, akipeleka mkono shingoni kama mtu aliyekwama na mwiba wa samaki. Kiapo kilikuwa kinamkaba. Mwisho akanyanyua ncha ya pazia, akamwona yule tetea.

"Wewe kuku," akasema kwa ukali, "kuku mwenye akili hasemi 'he go'. Husema 'he goes'. Umenisikia?"

Enock alimtazama kuku, kuku akamtazama Enock. Kisha ikaja sauti ya chini yenye adabu zote za Tinde, ikimwita mama kwa Kisukuma.

"Kuku amesikia, mayu."

Na akasema "he goes" sawasawa. Mwalimu Klara alishusha pumzi ndefu, na Ritha alilazimika kuondoka na ungo wake akachekee jikoni.

Tangu siku hiyo kuku alibeba makosa yote. Ni kuku aliyeambiwa kwamba mtu hasemi "I am having two hands", kwani mikono si mimba. Ni kuku aliyekatazwa "yesterday I go", na kuulizwa kama mayai yake ya jana yapo leo. Ni kuku aliyelaumiwa kwa "discuss about" na "return back". Mapito ya watu yakahamia mbele ya nyumba ile. Wakasema huyo tetea wa mwalimu akiandikishwa mtihani wa darasa la saba atawapita watoto wao. Vifaranga walipototolewa, mwalimu akamwambia mama yao asiwe mchoyo, awafundishe na wanawe, na Enock akaitikia kwa niaba ya ukoo mzima.

Lakini usicheke sana. Enock alikuwa bado anashuka shimoni. Kuna jioni moja mvua ilinyesha, kigoda kikabaki kitupu. Mwalimu Klara alikaa mahali pake akisikiliza maji yakidondoka kwenye bati. Alimsikia Ritha akitembea chumbani, anakwenda, anarudi. Alijaribu kujiambia kwamba kijana amejikinga mvua mahali, moyo ukakataa. Kwa mara ya kwanza akajua wazi kabisa, bila kuzungukazunguka, kwamba anampenda mtu ambaye sura yake haijui. Alikijua kikohozi chake, aliijua namna alivyovuta pumzi kabla ya neno gumu, alijua kwamba akichoka herufi r inamgeukia kuwa l. Kama sauti ile ingezimika, nyumba hii isingekuwa na la kusema tena, kwa lugha yoyote.

Kikohozi kikaja. Kigoda kikalia. Alikuwa amekwenda kusaidia kufukua shimo la jirani, na huko, Mungu ashukuriwe, walitoka wote. Ritha alitoka mbio na mimba yake hiyo. Enock akasema kutoka nje, taratibu, kwa kile Kiingereza alichokuwa nacho:

"Mother, I am remain."

Yaani nimebaki, nipo. Mwalimu Klara alishika kiti.

"Wewe kuku," akasema, "husemi 'I am remain'. Sema 'I remained'. Halafu waambie wampe huyo mtu chai ya moto, ana baridi."

"Kuku amesikia, mayu."

Usaili ulipokaribia, Enock alikuwa anaongea. Si kama mtangazaji wa redio, lakini aliongea, akaeleweka, hata akatania. Ritha ndiye aliyeliona tatizo. Akamuuliza mama yake: kule Geita ukuta utatoka wapi? Kweli bwana! Amemfundisha kijana kuongea na tofali na kuku. Hajawahi kusema neno moja la Kiingereza akiwa anatazamwa.

Mama akafanya jambo ambalo lingewafanya wale wajomba waanguke na fimbo zao. Alijifunga khanga vizuri, akafungua mlango, akatoka nje ili wakae ana kwa ana, mara moja tu, kwa ajili ya kazi. Enock aliona ncha ya khanga tu. Aliruka kigoda, akaruka karai, akapita katikati ya vifaranga, akaingia kwenye mahindi ya jirani, akatokea barabarani bila ndala moja. Hakurudi siku hiyo. Kesho yake alituma salamu na samaki wawili. Mwalimu Klara akaiokota ndala, akaifuta tope kwa upindo wa khanga, akaiweka juu ya kigoda. Alijilaumu mpaka ndani ya mifupa kwamba amemfundisha mtoto wa watu kitu chenye faida nyuma ya nyumba yake tu.

Enock akaenda Geita hivyohivyo. Siku hiyo mwalimu hakuweza kupika wala kusuka mkeka wake. Aliwamwagia kuku mchele mzima badala ya chenga, na hakugundua. Jua lilipoanza kulainika, kikohozi kikasikika nje. Ritha alitaka kutoka, mama yake akamshika mkono. Kila jambo na mahali pake. Hili lingesikiwa ukutani.

Enock akasalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani, za afya, za vifaranga. Mwalimu akajibu zote. Ndipo akaanza kusimulia kwa Kiswahili. Chumbani walikuwa watu watatu mezani, wanaume wawili wageni, na katikati mama mmoja mtu mzima, mwenye mvi, wa umri wa mayu kabisa. Akamwambia akae. Jamani, angekaaje? Alichukua kiti, akakigeuza, akakaa ameelekea ukutani. Mwanamume mmoja akauliza kwa ukali kama ana kitu anaficha. Maneno yote aliyofundishwa yakamkimbia. Likabaki moja tu, akalisema kuuambia ukuta: "Sorry for work."

Kisha yule mama akacheka kidogo, si kwa dharau, akamuuliza kwa Kiingereza ni nani aliyemfundisha. Enock akajibu kwamba ni mama yake, yuko nyuma ya ukuta. Yule mama alikuwa mzaliwa wa huku huku kwetu, Shinyanga. Hakuuliza zaidi. Akasimama, akakigeuza kiti chake mwenyewe, akakaa amempa Enock mgongo, mbele ya wale wenzake wawili waliokodoa macho. Kisha akamuuliza swali la kazi: akisikia mwamba unalia chini, atafanyaje?

"Na wewe ukasemaje?" Ritha akauliza kutoka mlangoni, hakuweza kuvumilia.

Enock akavuta pumzi ile ya kabla ya neno gumu, akarudia kwa Kiingereza, kama alivyosema kule:

"When stone it talk, I don't wait. I tell all people, get out. Gold he can remain. My friend Chacha, he don't remain."

Mwalimu Klara aliyasikia makosa yote, hata moja halikumpita. Alikuwa anayajua kwa koo zake. Lakini safari hii kila moja lilimpita kama mtu unayemjua anayepita kwenda msibani, usiyeweza kumsimamisha ukamwambia shati lake limekaa vibaya. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Kisha Enock akasema, kwa sauti ya mtu aliyebeba kitu njia nzima kutoka Geita akiogopa kisimdondoke:

"Mother, they has take me. I will not go again in hole of dying."

Ritha akaweka mikono yote miwili tumboni, akalia kwa sauti. Mwalimu Klara akanyanyua ncha ya pazia. Kuku alikuwa palepale, na vifaranga wake wakubwa sasa, wakiparua karibu na ile ndala, ambayo Enock alikuwa ameiteremsha kutoka kigodani.

"Wewe kuku," akaanza, na Enock, kwa mazoea, akakaa sawa kusubiri. "Umesikia Kiingereza hicho? Kitie kichwani. Hapo hakuna kosa hata moja."

Mgongo wa Enock ulikuwa ukutani, na wa mama mkwe wake ukutani upande wa pili, tofali moja tu katikati.

"Kuku amesikia, mayu."